Nani Hukaa Juu kwenye Google, na kwa Nini

Kila Januari, Baraza la Mitihani la Tanzania linapokaribia kutangaza matokeo ya kidato cha nne, wazazi na watahiniwa nchi nzima huandika kwenye simu zao maneno yaleyale: matokeo ya kidato cha nne, na mwaka. Kinachowajia si tovuti ya Baraza peke yake. Kuna msururu wa blogu zilizojipanga wiki kadhaa kabla. Kila moja ina kichwa chenye maneno hayohayo, aya sita au saba za kueleza mtihani huo ni nini na Baraza lina kazi gani, kisha chini kabisa, baada ya matangazo ya biashara, kitufe cha "bofya hapa" kinachomrudisha msomaji palepale kwenye tovuti ya Baraza. Blogu yenyewe haina tokeo hata moja. Lakini iko juu.

Ni rahisi kuwalaani wenye blogu hizo. Afadhali kwanza tuone wamefanya nini. Ukurasa rasmi wa matokeo hubeba kichwa cha Kiingereza chenye kifupisho CSEE, na chini yake orodha ndefu ya shule na namba za vituo. Ni mwepesi, hauna mapambo, unamtosha anayejua anachokitafuta. Ila maneno anayoyaandika mzazi, tuseme mama mmoja wa Kahama, hayamo. Mwanablogu ameyaona maneno hayo, ameyaweka kwenye kichwa, kwenye anwani ya ukurasa na kwenye aya ya kwanza, na ameuchapisha ukurasa mapema ili siku ya siku Google iwe imeshaufikia. Kazi yake ni ya udalali, na dalali hupata riziki pale mwenye mali na mteja wanapokuwa hawaelewani kwa lugha. Katika kisa hiki mna karibu kila kitu kinachohusu namna tovuti inavyopanda kwenye utafutaji: ufundi kidogo, lugha sana, na ujanja ambao umri wake ni mfupi kuliko wanavyodhani wanaouuza.

Google haiperuzi intaneti nzima pale unapoiuliza. Ingekuwa hivyo ungesubiri hadi kesho. Inapekua nakala yake yenyewe. Programu zake huzunguka usiku na mchana zikifuata viungo kutoka ukurasa hadi ukurasa, zikisoma, zikirudisha zilichokiona kwenye seva zake, ambako kila neno huwekewa kumbukumbu ya kurasa lilimoonekana. Kazi inayobaki unapouliza ni kupanga: katika kurasa maelfu kwa maelfu zenye maneno yako, upi utangulie? Injini za mwanzo, kama AltaVista ya mwaka 1995, ziliegemea zaidi maneno yenyewe. Ukurasa uliorudia "hoteli" mara hamsini ulionekana kuwa wa hoteli kuliko uliolitaja mara tano, na wenye tovuti hawakuchelewa kuligundua hilo. Wakajaza maneno chini ya ukurasa kwa maandishi meupe juu ya rangi nyeupe, wakalundika orodha za maneno kwenye msimbo ambako jicho la msomaji halifiki. Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakaja na wazo la kuhesabu viungo. Kiungo kutoka tovuti moja kwenda nyingine kikawa kama kura, na kura ya tovuti ambayo yenyewe imepigiwa kura nyingi ikapewa uzito zaidi. Mwaka 1998 wakaunda kampuni.

Wazo lilifanya kazi kwa sababu wakati ule watu waliweka viungo kwa kuwa wamependa kitu, basi. Lilipojulikana, viungo vikawa bidhaa. Februari 2011 gazeti la New York Times liliandika jinsi J.C. Penney, kampuni kubwa ya maduka ya Marekani, ilivyokaa juu kwa miezi katika utafutaji wa magauni, matandiko, mazulia na vitu vingine vingi. Nyuma ya mafanikio hayo kulikuwa na maelfu ya viungo vilivyopandikizwa kwenye tovuti zisizohusiana kabisa na nguo wala nyumba. Kampuni ilisema haikujua, Google ikaishusha. Miaka mitano kabla, mwaka 2006, tovuti ya BMW ya Ujerumani iliondolewa kwa muda kwenye matokeo kwa sababu ilikuwa na kurasa zilizojazwa maneno kwa ajili ya mashine, huku binadamu akizifungua anahamishiwa kwingine. Kama majina makubwa kiasi hicho hayakusalimika, duka la simu la Kariakoo lisitegemee huruma.

Zaidi ya kukamata mmojammoja, Google ilikuwa ikibadilisha pia mizani yenyewe. Mwaka 2009 ilikuwa imeshatangaza hadharani kwamba orodha ya maneno muhimu inayofichwa kwenye msimbo haiitazami kabisa katika kupanga matokeo, ingawa hadi leo kuna mafundi wanaowatoza wateja pesa kuijaza. Februari 2011 likaja badiliko lililoitwa Panda, likagusa karibu asilimia 12 ya maswali ya Marekani, na likaziangusha tovuti zilizokuwa zikizalisha makala nyepesi kwa maelfu. Aprili 2012 ikafuata Penguin, iliyowalenga wanaonunua viungo. Machi 2024 ikawa zamu ya wanaomwaga kurasa kwa wingi bila faida kwa msomaji, ziwe zimeandikwa na watu au na programu, na ya wanaonunua anwani za tovuti zilizokufa ili wavae heshima ya marehemu.

Kwa maoni yangu historia hii inasema jambo moja ambalo wauzaji wa huduma hii wanalipita haraka: kila alama inayohesabika hatimaye huuzwa, na kila inayouzwa hupunguziwa uzito. Anayenunua fungu la viungo leo ananunua kitu ambacho muuzaji wake anajua kitaharibika, na kikiharibika, adhabu inabaki kwa mwenye tovuti. Google yenyewe imeandika katika mwongozo wake kwamba hakuna anayeweza kumhakikishia mtu nafasi ya kwanza. Kwa hiyo fundi akikuahidi namba moja, muulize: namba moja kwa swali gani? Kupanda kwa jina la kampuni yako mwenyewe si kazi. Hakuna mwingine anayelitumia. Na akikwambia ukilipia matangazo ya Google tovuti yako itapanda pia kwenye matokeo ya kawaida, mlipe nauli arudi kwao.

Kisichouzwa kwa mafungu ni kujua kitu na kukieleza kwa maneno ya anayeuliza. Hapa mwandishi wa Kiswahili ana bahati ambayo wenzake wa Kiingereza waliipoteza zamani. Ukiandika kwa Kiingereza namna ya kuchagua betri ya sola, unashindana na tovuti maelfu za Marekani, Uingereza na India zenye wahariri na miaka ishirini mgongoni. Ukiandika kwa Kiswahili, mara nyingi unakuta video mbili za YouTube, tangazo la Instagram na ukurasa uliotafsiriwa na mashine.

Tuseme kuna duka la vifaa vya sola Mwanza. Tovuti yake imeandikwa kwa Kiingereza cha vipeperushi: ni mshirika wa kuaminika katika nishati endelevu, ina maono, ina dhamira, ina picha ya Mzungu aliyevaa kofia ngumu. Mteja yuko Sengerema, anaandika: bei ya sola ya kuwasha TV na friji. Katika maneno yake yote hakuna lililomo kwenye tovuti ile. Duka likitaka kumpata, liandike ukurasa mmoja unaojibu swali hilo kama muuzaji anavyolijibu akiwa kaunta: friji ndogo inakula wati ngapi, kwa nini inahitaji betri kubwa wakati TV haisumbui, kwamba betri ya risasi haipendi kushushwa chini ya nusu ilhali ya lithiamu huvumilia zaidi na kudumu zaidi ndiyo maana bei yake ni ya juu, paneli ngapi zinatosha kipindi cha mawingu. Kisha bei, kwa shilingi, na tarehe iliyoandikwa.

Bei ndiyo inayowashinda wengi. Biashara zetu zimezoea "bei njoo inbox", ama kwa kuogopa mshindani, ama kwa kutaka kumpima mteja kwanza. Inbox inaweza kufaa kwa mazungumzo, lakini Google haiingii humo. Maswali yanayoanza na "bei ya" ni mengi mno kwa Kiswahili, na anayeyajibu hadharani hukuta uwanja mweupe. Mshindani ataiona bei, ndiyo. Angeiona pia kwa kumtuma kijana dukani.

Lugha yenyewe ina matatizo yake. Anayetaka pilau anaweza kuandika jinsi ya kupika pilau, napikaje pilau, pilau inapikwaje, au pilau ya nyama tu. Kwa mashine iliyolelewa na Kiingereza, ambako maneno hubadilika zaidi mwishoni, kitenzi cha Kiswahili kinachobeba nafsi, wakati na mtendwa mbele ya mzizi kilikuwa mtihani, na ndiyo maana zamani mafundi walishauri kutengeneza ukurasa kwa kila umbo la swali. Oktoba 2019 Google ilianza kutumia BERT, programu inayojaribu kuelewa sentensi nzima badala ya neno mojamoja, na Desemba mwaka huohuo ikaisambaza kwa lugha zaidi ya 70, Kiswahili kikiwemo. Siku hizi ukurasa mmoja uliojibu vizuri hushika maumbo mengi ya swali lilelile. Kurasa kumi zinazofanana hunyang'anyana nafasi zenyewe kwa zenyewe.

Halafu watu hawaulizi kwa Kiswahili cha vitabuni. Mtanzania ataandika "kujisajili NIDA online". Mkenya wa Nairobi huenda akauliza kwa Kiingereza moja kwa moja au akachanganya na Sheng. Mkongomani wa Lubumbashi ataingiza Kifaransa. Kwa hiyo duka la Nairobi linaloamua kuandika Kiswahili sanifu kitupu kwa sababu limesikia ushindani ni mdogo, linaweza kushika namba moja kwa swali lisiloulizwa na wateja wake. Kuna namna ya kujua badala ya kubuni. Anza kuandika swali kwenye Google bila kulimalizia, uone inavyolimalizia yenyewe. Hayo ni maneno ya watu kweli. Kisha fungua Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, ambayo ni bure, uangalie ripoti ya maswali yaliyoileta tovuti yako kwenye macho ya watu. Tafuta pale palipo na maonyesho mengi na mibofyo michache huku nafasi yako ikiwa kati ya nane na ishirini. Hapo Google imeshakuona unahusika, ila jibu lako bado halijatosha au kichwa chako hakijamvuta mtu. Saa moja kwenye ripoti hiyo ina faida kuliko wiki ya kusoma mbinu.

Kwenye ufundi nitasema machache, kwa sababu mengi yake ni usafi tu. Lililo baya kuliko yote ni dogo kupindukia. Kwenye mipangilio ya WordPress, sehemu ya kusoma, kuna kisanduku kinachoziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Fundi hukiwekea tiki wakati wa ujenzi ili tovuti isionekane kabla ya wakati; siku ya uzinduzi watu wanakata keki, tiki inabaki. Mwenye tovuti anaweza kukaa miezi akiilaumu Google kumbe yeye ndiye aliyeikataza. Jingine ni maandishi ndani ya picha: menyu ya mgahawa iliyopigwa picha, tangazo la kazi lililopitishwa kwenye skana likawa PDF, bango la semina lenye tarehe, ukumbi na kiingilio bila neno hata moja lililoandikwa kama maandishi. Mashine siku hizi hujaribu kusoma picha, lakini kwa nini umpe mtihani unayemtegemea?

Kuhusu simu, Google ilitangaza mwaka 2016 kwamba itaanza kuzisoma tovuti kama simu inavyoziona, na mwaka 2023 ikasema imemaliza kuhamia huko. Ina vipimo vyake: kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5, mguso ujibiwe ndani ya milisekunde 200, ukurasa usirukeruke wakati unafunguka. Kasi ni alama ndogo katika upangaji. Jibu bora linalofunguka taratibu linaweza kulishinda jibu hafifu linalofunguka upesi. Lakini msomaji wetu analipia bando, na picha ya megabaiti nne iliyotolewa moja kwa moja kwenye kamera inamlia pesa kabla hajasoma neno. Picha hiyohiyo ikipunguzwa hadi kilobaiti mia na hamsini, kwenye simu haionyeshi tofauti. Hili ningelifanya hata kama Google isingekuwepo.

Kwa biashara nyingi ndogo, hata hivyo, tovuti si mahali pa kuanzia. Anayetafuta fundi friji, saluni au duka la dawa hupewa kwanza ramani yenye majina machache, na kupanga majina hayo Google inasema inatazama mambo matatu: biashara inahusiana kiasi gani na swali, iko umbali gani na anayeuliza, na inajulikana kiasi gani. Umbali huwezi kuubadilisha. Mawili yaliyobaki yanajengwa kwa wasifu wa biashara wa bure ndani ya Google: aina ya biashara iliyochaguliwa sawasawa, namba ya simu inayopokelewa, saa za kufungua zinazobadilishwa Ramadhani na sikukuu, picha za mahali penyewe, na maoni ya wateja yaliyojibiwa. Kwetu anwani ni kazi. Tanzania ilifanya operesheni ya anwani za makazi mwaka 2022 kabla ya sensa, nyumba zikapata namba, lakini watu bado wanaelekezana kwa "mkabala na sheli" na "shuka kituo cha pili". Maelezo hayo yaandikwe kwenye wasifu vilevile, kwa sababu ndivyo mteja anavyofikiri.

Thamani ya taarifa za mtaani ilionekana wazi Kenya, Januari 2012. Mocality, saraka ya biashara za Kenya iliyokusanywa kwa kuwalipa watu wazungukie mitaa na kuandikisha maduka, ilitoa ushahidi kwamba watu waliojitambulisha kuwa wa Google walikuwa wakiichimba saraka hiyo na kuwapigia simu wenye maduka ili kuwauzia tovuti. Google iliomba radhi. Watu wengi waliliona jambo hilo kama kashfa, na lilikuwa kashfa. Kinachonivutia mimi ni kwamba kampuni yenye nakala ya intaneti nzima haikuwa na orodha ya maduka ya Nairobi, kwa sababu orodha hiyo haikuwapo kwenye intaneti mpaka mtu alipoifuata kwa miguu. Ukweli wa aina hiyo bado ni mwingi Afrika Mashariki: nauli za majahazi, ada za shule binafsi, msimu wa dagaa, mafundi wanaotengeneza pampu fulani. Anayeuandika wa kwanza, akauweka upya kila mwaka, hupata viungo bila kuviomba, maana wengine hawana pa kuelekeza watu isipokuwa kwake.

Hapo linabaki suala la jinsi watu wanavyopokea unachowapa. Kwa miaka mingi wasemaji wa Google walikuwa wakilikwepa swali la iwapo mibofyo ya watafutaji hubadilisha mpangilio. Mwaka 2023, katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya kampuni hiyo, mmoja wa wakubwa wake, Pandu Nayak, alieleza mahakamani kuhusu mfumo uitwao Navboost unaotumia kumbukumbu za mibofyo ya miezi 13. Jaji Amit Mehta aliamua Agosti 2024 kwamba Google ilihodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria. Ilibainika kuwa mwaka 2022 pekee iliilipa Apple dola bilioni 20 ili ibaki injini ya kwanza kwenye kivinjari cha Safari. Kwa mwenye tovuti, ushahidi wa Nayak una uzito kuliko hukumu. Ukimvuta mtu kwa kichwa cha uongo akarudi nyuma haraka kutafuta kwingine, kurudi kwake kunaweza kuwa kumeandikwa mahali.

Na sasa mibofyo yenyewe inapungua. Tangu Mei 2024, kwa kuanzia Marekani, Google imekuwa ikiandika muhtasari wake juu ya matokeo kwa kutumia akili mnemba, ikichota kwenye kurasa za watu. Duka la sola halidhuriki sana: mteja akisoma muhtasari wenye bei na jina la duka, akapiga simu, biashara imefanyika bila tovuti kufunguliwa. Anayeumia ni yule ambaye kusomwa ndiyo biashara yake, kama gazeti lililomlipia mwandishi nauli na malazi hadi Kigoma ili alete habari ambayo sasa inasomeka kwa mistari minne juu ya jina la gazeti. Gazeti hilo linaweza kuweka alama ya kukataza dondoo, lakini alama hiyo inafuta pia maelezo mafupi yanayomshawishi mtafutaji abofye. Linaweza kuifungia Google mlango kabisa, likatoweka kwenye utafutaji. Haki ya kubaki kwenye orodha huku ukikataa kufupishwa ndiyo iliyowapeleka wachapishaji huru wa Ulaya kulalamika mbele ya Tume ya Ulaya mwaka 2025.